Mafuta ya Dagoretti

Tangu tupate Uhuru, bastola yangu ilikuwa haijawahi kupatikana na kosa kwenye gwaride, na hakuna askari kituoni ambaye sijamtangazia. Vijana wapya niliwafundisha kuitikia. Nikiuliza, "Bastola ikikwama?" wanajibu, "Mwenyewe ni mvivu!"

Wiki jana mafuta ya silaha yalituishia. Kuomba kituo jirani niliona aibu, koplo mzima. Rafiki yangu mchinjaji wa Dagoretti alikuwa amenipa mafuta ya ng'ombe, basi jioni nikayayeyusha. Yaling'aa kama mafuta halisi! Nikaipaka bastola ndani na nje, nikajisifu.

Baridi ya Julai sikuifikiria.

Asubuhi Inspekta akaniita mbele ya gwaride. "Koplo, waonyeshe hawa bastola safi inavyofanya kazi."

Nikahakikisha haina risasi, nikavuta kifyatulio. Wapi! Nikavuta kwa vidole viwili. Mafuta yalikuwa yameganda meupe, kama supu iliyolala.

Inspekta akaichukua, akainusa. "Koplo, hii ni bastola ama ni kitoweo?" Kisha akawageukia vijana. "Bastola ikikwama?"

Sijawahi kuwasikia wakiitikia kwa sauti moja namna ile.