Akaunti Tatu za Uzeeni, Shamba Moja

Bisha ukitaka, lakini juzi nilimwona sapavaiza wetu, mwenye maneno mengi kunishinda hata mimi, akikosa la kusema ndani ya basi la kampuni kutoka Lusail, huku Qatar.

Alikuwa akitufunza. "Vijana, nina akaunti tatu za kustaafu: sacco, chama cha akiba cha mtaani na mfuko wa kanisa. Moja ikianguka, mbili zitanibeba."

Mkewe akapiga simu kutoka Kenya. Mzee akaweka spika, tusikie anavyoheshimiwa.

"Baba Watoto, natoka mkutano wa sacco. Pesa zilinunua shamba, na liko kortini."

"Usijali, mama. Kuna chama."

"Chama kilinunua hilohilo."

"Na kanisa?"

"Pia. Shamba ni moja, na wote watatu wameuziwa."

Mzee akazima spika, mkewe bado akimwita.

Mimi niliyeacha shule mapema nawaambia bure: kabla ya kuhesabu akaunti, uliza kila moja imenunua nini.

Kuna sehemu nimeiruka. Nilimcheka hadi Al Wakrah, kisha nikashuka nikampigia mama yangu nyumbani aniulizie jambo. Sina akaunti tatu. Nina moja, na ni ya sacco hiyohiyo ya mzee.