Namba Begani mwa Basi la Baba

Siku ile uwanjani kwetu Kinampanda alikuwepo baba yangu, Yohana Msengi, mwenye basi. Alikuwepo baba mdogo Elia, mdogo wake baba wa tumbo moja, ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwepo Gunda, utingo, mtoto wa shangazi yetu Raheli. Walikuwepo Babu Mkumbo na Bibi Tabita, waliomzaa baba. Dada yangu Naomi alikuwepo, na mimi niliyekuwa nimeanza darasa la kwanza. Mgeni alikuwa mmoja tu, mkaguzi wa magari kutoka Singida mjini, bwana Salehe, mtu mpole mwenye tochi na suruali iliyopigwa pasi ikasimama.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku Iramba mnakumbuka, enzi zetu basi lilisikika kabla halijaonekana. Tukiwa tunacheza rede nyuma ya nyumba tulilisikia kwa mbali likilia kupanda mlima, na mpira wa matambara ukabaki hapo hapo chini. Ugali wa uwele ulimezwa bila kutafunwa, mlenda ukatuchuruzika mpaka viwikoni, tukakimbia. Lilinuka dizeli, kuku na chumvi ya ziwani, maana magunia ya chumvi yalipakiwa juu kwenye keria na mvua ikinyesha yalitiririka pembeni mpaka chini ya basi.

Lilikuja kwetu likiwa tayari kuukuu. Baba na ndugu zake walitoa ng'ombe wa ukoo ili walipate, zizini wakabaki ndama na mbuzi. Watu walicheka sana. Walisema wana wa Mkumbo wamebadilisha maziwa kwa moshi. Baba mdogo Elia alikuwa hajaoa, kwa hiyo hata ng'ombe wa mahari yake walikuwa mle ndani ya basi, wameshakuwa viti na matairi.

Ndiyo maana bwana Salehe alipokuja kulikagua, hakuna aliyekwenda shamba.

Alishika kadi ya basi, akaenda mlangoni kutafuta kibati chenye namba. Kibati hakikuwepo, yalibaki matundu ya ribiti zilizokuwa zimekishika. Akafungua boneti. Injini ilikuwa na namba, lakini baba mwenyewe akamwambia ukweli, injini ile ni ya kuwekwa, ya kwanza ilifia mlima Sekenke.

"Sasa imebaki chesisi," mkaguzi akasema. Akatuonyesha yale mapande mawili marefu ya chuma yanayobeba basi zima. "Kiwandani wanagonga namba humu. Tukiiona na ikalingana na kadi, mnaendelea na safari zenu. Tusipoiona, naondoka nalo, litakaa Singida mpaka ijulikane lilitoka wapi."

Baba mdogo Elia akakaa chini.

Walitafuta upande wa kushoto kuanzia nyuma mpaka mbele. Gunda alikuwa chini ya basi, anakwangua na kukohoa. Chuma kilikuwa kimeliwa na chumvi, kinatoka magamba magamba kama ganda la mti mkavu. Babu Mkumbo alivumilia, mwisho akachoka.

"Alama haiwekwi tumboni," akasema. "Mnyama anajulikana kwa sikio. Tazameni masikioni."

"Mzee wangu, hili halina masikio," mkaguzi akamjibu kwa adabu.

"Na hayo mawili ni nini?" Babu akanyoosha fimbo kwenye vioo vya pembeni.

Mimi na Naomi tukapanda kwenye bampa, tukavisugua vile vioo kwa kanga ya mama mpaka vikang'aa. Hakukuwa na alama. Gunda akacheka kule chini mpaka akajigonga kichwa.

Wakahamia upande wa kulia. Nyuma ya gurudumu la mbele tochi ikapiga kitu cheusi, kinene, kigumu kama nta ya kale, kimeshikamana na chuma. Bwana Salehe akakibonyeza kwa kidole, akanusa. Sura yake ikabadilika.

"Hiki kimepakwa na mtu," akasema. "Tena hapa hapa namba inapogongwa. Nani alikuwa anaficha namba?"

Baba akamtazama Elia, Elia akamtazama Gunda, Gunda akaapa kwa jina la mama yake.

"Mimi," akasema Bibi Tabita.

Akasogea, akaeleza kwa Kinyiramba, baba akawa anamfasiria. Kwake ng'ombe mgeni hakuingia zizini bila kupakwa mafuta ya mbarika begani, ili apate baraka, azoee nyumba na asipotee. Hili nalo lilikuja mahali pa ng'ombe. Akalipaka begani, na kila mavuno akalipaka tena. Vumbi la barabara likawa linanasa juu yake, mwaka hadi mwaka.

"Sasa wewe mwanangu," akamwambia mkaguzi, "wanao usingewabariki?"

Bwana Salehe akaomba majivu ya moto na gunzi.

Mimi nililala kifudifudi kwenye vumbi nikaona kila kitu. Gunda alisugua, ule weusi ukatoka vipande vipande, na chini yake chuma kilikuwa cheupe kama kisu kipya. Hakikuwa na kutu hata kidogo. Herufi ikatokea, ikafuata namba, na nyingine. Namba nilizozijua mimi zilikuwa za chaki, mwalimu akipitisha mkono zinakwisha. Hizi zilikuwa zimezama ndani ya chuma. Nikawaza, kuna mtu ng'ambo huko, asiyetujua wala sisi hatumjui, alishika nyundo akaandika mahali ambapo hakuna jicho linalopita, akijua ipo siku namba ile itatafutwa. Nywele zilinisimama, na nikisimulia hata leo zinasimama.

Mkaguzi alisoma moja moja, baba akafuata kwa kidole kwenye kadi. Zililingana zote.

"Bila haya mafuta," bwana Salehe akasema taratibu, "chumvi ingekuwa imeila namba yote." Halafu akamgeukia bibi. "Mama, paka tena."

Basi likaendelea na safari zake, na baba mdogo Elia akaoa baada ya mavuno ya mwaka ule.

Siku hizi wajukuu zangu wanapanda mabasi yenye televisheni na ubaridi wa kutetemesha. Namba ya tiketi wanayo kwenye simu. Waulize dereva anaitwa nani, wanakutazama kama umewatukana. Waulize babu yao mdogo ni nani, wanatafuta mtandaoni. Siwalaumu, basi lenyewe halikai uwanjani mtu akalizoea. Linapita tu. Letu lilikuwa na bega, na bega hilo mtu alilijua kwa mkono.

Kuna jambo moja tunabishana na dada Naomi mpaka leo. Bibi alipoleta kibuyu cha mbarika, mimi nasema bwana Salehe alichovya kidole chake, akapaka pamoja naye. Naomi anasema alikuwa baba mdogo Elia, mkaguzi alishapanda pikipiki yake. Mimi nilikuwa chini, niliona mikono miwili tu, sikuona nyuso. Kama ulikuwepo, au ulisimuliwa nyumbani kwenu, nirekebishe.