Darubini Niliyoisugua

Harufu ya jivu kwenye sufuria hunikasirisha mpaka leo. Babu alikuwa na darubini ya bunduki, ya Wajerumani wa zamani, aliyoiokota akichunga ng'ombe karibu na Bisil, pamoja na chuma cha kuifungia kwenye bunduki. Aliposikia mgeni anayezijua darubini kama hizo anakuja kuiangalia, aliniambia, “Safisha, tusiaibike.”

Nikasugua asubuhi nzima kwa jivu, kisha kwa msasa, mpaka vyote viwili vikang'aa.

Mgeni akavigeuzageuza. “Namba ziko wapi? Bila namba, nitajuaje ni ya jeshi?”

Babu akanikazia macho. “Wewe! Nani alikwambia utoe maandishi?”

Nani? Si ni yeye!

Siku hizi binti yangu huuliza mbona sufuria zetu ni nyeusi chini. Namwambia aziache hivyo hivyo.