Siku Tulipomhakiki Mama

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, mimi na wenzangu wawili tunakaa katika chumba kidogo cha redio moja ya hapa Bukavu na kuzungumza juu ya filimu. Hatuzungumzii zile kubwa za ng'ambo. Tunazungumzia zile zinazotengenezwa na watu wasio na kampuni nyuma yao: mwalimu aliyeandika hadithi wakati wa likizo, wanafunzi waliokodi kamera kwa juma moja, fundi wa video za harusi aliyechoka kupiga keki. Wanatuletea kazi zao kwenye flashi, tunazitazama pamoja, halafu tunasema tulichoona.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Mwenzangu wa kwanza ni muzee aliyeonyesha filimu katika ukumbi wa parokia tangu ujana wake mpaka mashine ilipokufa, na sote tunamwita Papa. Wa pili ni msusi mwenye saluni kule Kadutu. Papa husikiliza zaidi ya kutazama, maana anaamini kwamba mtu akikosea sauti amekosea yote. Msusi huionyesha filimu kwanza saluni. Mteja akisahau kulalamika kwamba anavutwa nywele, filimu ni nzuri. Mimi huandika daftarini, nikipiga mistari kwa kalamu nyekundu.

Tunabishana sana. Ililetwa filimu ya kutisha iliyopigwa upande wa Lwiro, na ndani yake mzimu ulipita kwenye migomba huku kandambili zikisikika pa-pa-pa. Papa alisema mzimu wenye kandambili hauwezi kumtisha mtu. Msusi alijibu kwamba wateja wake wawili waliruka kutoka vitini hata hivyo, na filimu ya kutisha haina kazi nyingine. Mara nyingine ilikuwa ya kuchekesha, wanaume wawili waliokodi ukumbi mmoja kwa harusi za siku moja. Nilisema haina uzito. Msusi akaniambia hewani, "Madame, weye unasahihisha kichekesho kama dictée ya watoto wa shule." Nilikasirika juma zima, kisha nikaona amesema kweli. Tangu hapo, kabla ya kufungua daftari, najiuliza kwanza filimu hii ilitaka kunifanyia nini. Juu ya moja tu tulikubaliana wote watatu: ile ya wanawake wa Kamanyola wanaovuka mpaka na beseni za nyanya, ambayo ndani yake hakuna mtu anayeeleza chochote, wanatembea tu, nawe unatembea nao.

Mama yangu alikuja kuishi nami kutoka Kalehe baada ya baba kufariki. Huko alikuwa na shamba na majirani wa kugombana nao. Hapa alikuwa na kiti barazani. Kwa miezi alikaa akitazama barabara, mpaka alipoanza kutoka kila Alhamisi asubuhi, amevaa kitenge cha kanisani. "Naenda ku bamama ba parokia," alisema. Nilifurahi kwamba amepata wenzake, wala sikumuuliza zaidi.

Basi Ijumaa moja mchana tulikuwa sebuleni kwa Papa, tukitazama filimu ya fundi mmoja wa video za harusi, mtu mzima mwenye watoto watatu. Ilikuwa hadithi ya mjane ambaye mwanawe anataka kuuza shamba la marehemu. Dakika ya sita mlango wa nyumba ya udongo ulifunguka, akatoka mama yangu na ungo mkononi.

Nilidhani nimefananisha. Walikuwa wamempaka majivu kwenye nywele aonekane mzee zaidi, na mgongo ameukunja. Lakini alipoketi alivuta kitenge chini ya goti kwa mkono wa kushoto, kama anavyofanya kwangu kila jioni, nikajua. Nilitaka kusema. Kabla sijafungua mdomo, Papa alinong'ona, "Huyu mama walimutoa wapi?" kwa sauti ya mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. Nikafunga mdomo. Na kila dakika niliyonyamaza ilifanya ile inayofuata iwe ngumu zaidi.

Jioni hiyo mama alikata vitunguu akaniuliza, bila kuinua macho, "Filimu ya kesho iko muzuri?"

"Iko ya kawaida," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Tukala.

Kesho yake, hewani, Papa alianza. Alisifu sauti ya mvua kwenye bati, akasema imerekodiwa na mtu mwenye masikio. Kisha akafika pale nilipoogopa. "Lakini yule mama mujane. Pale mutoto wake anamwambia shamba limeuzwa, analia kama anataka watu wa ng'ambo ya ziwa bamusikie. Mimi nilitafuta huzuni, nikapata kelele."

Msusi alisema kwamba saluni watu walicheka pale, na si mahali pa kucheka. Akaongeza kwa upole kwamba huenda mama huyo aliambiwa afanye hivyo.

"Na weye, Madame?" Papa akanigeukia.

Mama alikuwa nyumbani, redio sikioni. Hajawahi kukosa Jumamosi hata moja. Nilifungua daftari nikazungumza juu ya mwanga. Nilisema jinsi jua la asubuhi lilivyoingia mlangoni, nikasema juu ya kivuli, nikarudi tena kwenye mwanga. Sikumtaja mjane hata mara moja. Papa alinitazama juu ya miwani yake, maana hakuwa amezoea kuniona nikikwepa.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Nilisimama kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambao hatukuwa tunawahitaji, nikachagua mmoja mmoja kama bibi harusi anayechagua kitambaa, mpaka muuzaji akaniuliza kama nina tatizo. Njiani nilitunga maneno. Nitamwambia Papa ni mkali kwa kila mtu. Nitamwambia watu hawajui sanaa. Nilimwona akilini mama akikunja kile kitenge cha kanisani na kukirudisha sandukuni, akirudi kwenye kiti chake cha barazani, na safari hii kwa sababu yetu.

Nilimkuta jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Redio ilikuwa imezimwa. Niliweka samaki mezani.

"Maman, nilikuona," nilisema.

"Najua ulinionaka. Mutoto gani hamujui mama yake?" Aliendelea kutwanga. "Nilisikia yote."

"Ule Papa anasemaka vibaya kwa kila mutu, usi..."

"Ule muzee iko na haki." Aliweka mtwangio chini. "Hata mie nilimwambia ule fundi. Nilimwambia, wakati baba yenu alikufa sikulia hivi. Nilikaa. Nilitafuta funguo za nyumba siku nzima, na zilikuwa mu mukono yangu. Lakini yeye akasema, hapana Maman, ongeza, kamera haioni kama haulie. Nikaongeza."

Nilivuta kibao nikaketi. Sikuwahi kusikia habari ya zile funguo.

"Muzee hakuniumiza," mama alisema. "Weye uliniumiza. Mwanga, mwanga. Nilikuwa hapa nangoja. Nikasema sasa mutoto wangu atasema. Ukasema mwanga."

"Niliogopa, Maman."

"Uliogopa nini? Mie si mugonjwa. Bale bengine unabaambia kweli yao, mie unanificha kama mutu wa hospitali." Akapangusa mikono. "Ju ya nini nilikuficha Alhamisi zote zile? Nilisema, akijua mbele, ataenda kumuomba ule fundi aniangalie muzuri. Nilitaka unione kama unaonaka bengine. Leta ile daftari."

Nilileta daftari. Nilimsomea nilichoandika Ijumaa kabla ya woga kunishika vizuri. Kwamba kilio ni cha uongo. Kwamba mgongo aliokunja unanyooka kila anapobeba kitu kizito, maana mwili wake unasahau kuigiza ukipata kazi ya kweli. Alicheka pale, akauliza kama ilionekana hata na wengine. Kisha nikamsomea mstari wa mwisho, niliokuwa nimeupigia kalamu nyekundu mara mbili: kuna pahali mjane anachagua maharagwe kwenye ungo, mwanawe anaingia, anasimama nyuma yake, hawasemi kitu. Anatoa punje mbovu na kuzitupa, moja, nyingine, na mkono unapungua kasi mpaka unasimama. Niliandika kwamba hapo nilisahau kuwa namjua. Niliandika kwamba hakuna kitu kizuri kama hicho katika filimu zote tulizoletewa mwaka huo.

Mama aliitazama mikono yake.

"Pale sikujua kama kamera imeanza," alisema. "Nilifikiri ule fundi iko natengeneza taa. Nilikuwa nafikiria baba yenu."

Alirudi kwenye kinu chake. Baada ya mapigo machache alisema, bila kunitazama, "Mara mbili, kalamu nyekundu?" Nilimwonyesha. Akatazama ile mistari, ingawa hasomi, akanirudishia daftari. Mabega yangu yalishuka, nikagundua kwamba tangu jana yake nilikuwa nimeyabeba kama mtu aliyefunga mtoto mgongoni. Tulikaanga sambaza wote, na tukala wengi kuliko tulivyopaswa.

Jumamosi iliyofuata niliomba kuanza. Nilisema hewani kwamba yule mjane ni mama yangu, kwamba nilinyamaza nikamkosea yeye na wasikilizaji, na kwamba leo nitasema nilichokiona. Nikasoma yote, kilio na maharagwe. Papa alishika kichwa. Nilipomaliza, alisogea mbali na maikrofoni akaniambia, "Ungenikanyaga tu mguu ninyamaze, mutoto wangu. Ungenikanyaga mguu." Msusi alikuwa anacheka mpaka machozi, akisema sasa anaelewa ule mwanga wote ulitoka wapi.

Kesho yake, baada ya misa ya pili, Papa alikuja nyumbani na mkate mkubwa wa kuomba radhi. Mama alimkaribisha, akamkatia kipande, kisha akamwuliza kwa nini alisifu mvua kwenye bati wakati kila mtu anajua mvua ya kweli huanza na matone machache makubwa, na ile ya filimu ilianza yote kwa pamoja. Papa aliweka kikombe chini. Walibishana juu ya mvua na vilio mpaka chai ikapoa, na nilipowasikia kutoka jikoni nilijua kwamba hakuna radhi iliyobaki ya kuombwa.

Fundi wa video alikuja pia, siku mbili baadaye, akiwa na woga wa mtu anayekuja kupokea matokeo. Alikiri kwamba kile kilio aliagiza yeye, kwa sababu kwenye harusi anazopiga, ndugu humlipa vizuri zaidi wakijiona wanalia kwa nguvu, naye alidhani filimu ni hivyo hivyo. Alikata karibu kilio chote. Akayaacha maharagwe yaende mpaka mwisho.

Filimu ilionyeshwa Jumapili moja alasiri katika ukumbi wa shule, mapazia yamefungwa. Nilikaa karibu na mama. Ilipofika pale pa ungo, watu waliokuwa wakitafuna karanga waliacha kutafuna. Hakuna aliyecheka. Mama aliangalia watu badala ya kuangalia filimu, akigeuka polepole, safu kwa safu, na mkono wake wa kushoto ukavuta kitenge chini ya goti.

Tulipotoka nje jua lilikuwa bado juu. Mwanamke mmoja tusiyemjua alimsimamisha mama yangu mlangoni, akamwambia kwamba mama yake mwenyewe alikuwa akinyamaza vile. Wakasimama wakazungumza juu ya huyo mama, alikuwa wa wapi, alilima nini, aliugua muda gani. Niliwangoja chini ya ngazi. Sikuwa na haraka yoyote.