Mafiga ya Bi Khole

Mama yangu, Bi Khole, ni muuguzi mstaafu wa Ibra, huku Omani, mzaliwa wa Unguja, na mtu wa kumpinga jikoni bado hajazaliwa. Nje ya jiko ni mwingine kabisa. Tangu baba afariki, neno la mwisho kwetu ni la ami yangu, Hamdun, na mama humwitikia "haya, shemegi" hata kabla hajamaliza kusema.

Msimu huu wa baridi ami aliniruhusu kwenda na wanajiolojia wenzangu, wanaume watatu, kuchukua mawe kwenye milima iliyo nyuma ya Ibra. Alitoa masharti mawili: mama afuatane nami, na Alkhamisi turudi, ili Jumapili nianze kazi ya ofisini Nizwa aliyonitafutia mwenyewe. Mimi ofisi siitaki. Nataka kumaliza utafiti wangu, na utafiti wangu wote ni mawe yale.

Nilidhani mama atakaa hemani na tasbihi yake. Wapi! Siku ya pili kambi ilikuwa yake. Alfajiri, kabla hatujavaa viatu, chai ya maziwa yenye hiliki iko tayari na mandazi ya moto. Mkubwa wetu, Dokta Sinan, aliyezoea kula samaki wa kopo huku amesimama, alifunzwa kunawa na kukaa kitako. Tukipanda mlimani, mama anafagia. Anafagia wadi, mto mkavu wa changarawe tulimopiga kambi! Nilimwambia changarawe haina mwisho. Akanijibu kwamba hata vyombo havina mwisho na huoshwa.

Kila jiwe tunalichukua kwa taabu. Kabla ya kulibandua tunalichora mshale wa kuonyesha kaskazini, kwa sababu ndani yake mna chembe za sumaku zilizoelekea kaskazini ya zamani, wakati jiwe lilipopoa. Ukilitia motoni, habari ile inafutika.

Jumatano jioni tulishuka hoi. Kwenye mgunga ilianikwa mifuko mitatu ya kitambaa, myeupe pe. Nikaitambua, ni mifuko ya mawe yangu, na namba nilizoziandika zimefuliwa zote. Pembeni, sufuria ya wali wa nazi ilikaa juu ya mafiga matatu, na kuni zinawaka hasa.

"Gesi imekwisha," mama akasema. "Na mawe ya wadini yana maji, yatapasuka motoni. Nikaona nyinyi mmekwisha kuchagua mazuri."

Alichagua vizuri kweli, maana yale ndiyo yaliyokuwa bora kuliko yote. Nililia, nikapiga kelele, nikamwambia utafiti wangu ameupikia wali. Dokta Sinan akajitia kufunga hema lililokwisha kufungwa. Mama aliinama akautazama mshale wangu, umeshakuwa masizi.

"Yanapatikana tena haya?"

"Yanapatikana. Siku nne za kupanda mlima. Na kesho Alkhamisi, mama!"

Tulikula. Wali ulikuwa mtamu, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Baada ya Magharibi ami akapiga simu kama desturi yake. Mama huifungua sauti yote, kwa hiyo sote tulisikia.

"Shikamoo, shemegi."

"Marahaba. Kesho mtafika saa ngapi?"

Nikangoja lile "haya" lake.

"Kesho hatuji. Nimemharibia mtoto kazi yake, lazima itengenezwe."

"Na Jumapili? Watu wa Nizwa nimeshawapa neno langu!"

Mama aliyatazama mafiga yake. Mimi nikaona aibu kwa kelele zangu.

"Raghad ana kazi," akasema, akinishika bega. "Nimeiona kwa macho yangu, anatoka na giza na kurudi na giza. Hiyo ya Nizwa mpe mwanao Mohannad, amelala nyumbani tangu Ramadhani."

"Astaghfirullah!" ami akasema, na simu ikakatika.

Mama akaiweka simu mapajani, akaifunika kwa ushungi kama vile ami angeweza kutoka humo.

"Atanuna mpaka Idi," akasema. "Wallahi, tangu niolewe sijapata kumwambia hapana mtu yule."

Nikamshika mkono nikaubusu. Akaurudisha haraka, akasema niuache, unanuka vitunguu.