Kurasa Kumi na Mbili za Mwisho

Sokoni Machakos nilipata riwaya ya mtumba: wanasayansi wanagonganisha chembe chini ya ardhi, shimo linafunguka na kuanza kumeza dunia. Nilihesabu kurasa mara mbili. Kumi na mbili za mwisho hazikuwepo, nikaitaka kwa nusu bei.

"Chukua tu, mzee wangu," mama muuzaji akakubali, haraka mno.

Siku ya tatu, shimo lilifika mlangoni kwa mhandisi aliyekuwa akijaribu kulifunga, na kurasa zikaisha. Nikarudi sokoni mbio.

"Mama, dunia ilipona?"

"Hizo kurasa nilizisoma kabla nizitumie kufungia njugu," akasema. "Mwisho ni ile nusu ingine ya bei."

Nilibishana mpaka adhuhuri. Hakushuka hata kidogo, nikalipa.

"Ilipona. Lakini mhandisi alikufa. Hiyo nimekuongezea bure."