Kutembea Bila Kwenda

Daktari alimwambia mama yangu atembee nusu saa kila siku, sukari isije ikamla miguu. Nilimtafsiria neno kwa neno, mama akacheka. Kwetu Kongo ya mashariki mtu alitembea kwenda shambani, sokoni, kanisani au msibani. Kukimbia kulikuwa kwa vita. Aliyezunguka tu bila shughuli walimwona kichaa.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Hapa Sydney kazi yangu ni kuhudumia wazee, vidonda vya sukari navijua, na sikutaka kubembelezana. Nikamnunulia raba na suruali ya mazoezi, nikamburuta mpaka bustani ya jirani, hapo mtaani kwetu Doonside. Vijana wakatupita mbio, mama akageuka kuangalia nani anawafukuza.

"Tunaenda wapi, mama?" aliniuliza. Ndivyo kwetu mama humwita binti yake.

"Hatuendi popote. Tunatembea tu."

Akasimama. "Ile njia yote nilitembea na wewe mgongoni mpaka kambini, haikutosha?"

Akarudi nyumbani.

Kumbe wanawake wa kanisani walituona. Mama mtu mzima, ndani ya suruali, hana hata mkoba, anazunguka bustani! Wakaamua tumefiwa, na huzuni imemchanganya akili. Jioni walijaa sebuleni na masufuria ya fufu, mandazi na katoni za soda. Mama aliona aibu hata kueleza. Mimi nilinuna tu, nikitazama soda ikimiminwa kwenye glasi yake. Tangu siku ile raba zikabaki kabatini, nami sikumwambia tena atembee. Nilijiambia ni ukaidi wake.

Mwaka haukuisha, vidole viwili vya mguu wa kulia vikakatwa.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimsimamisha kwenye korido, mikono juu ya fremu ya chuma, akamwomba apige hatua. Mama hakusogea. Alinitazama mimi.

"Tunaenda wapi, mama?"

Safari hii nilifikiri kwanza. "Chumba cha mwisho kuna mama wa Burundi amelazwa. Hana mtu wa kumsalimia."

Ilikuwa kweli. Mama akaomba kitenge chake, akajifunga juu ya gauni la hospitali, akanigombeza kwamba tunaenda mikono mitupu. Kisha akaanza kwenda, hatua kwa hatua, hadi mlangoni.

Nilimfuata nyuma nikilia. Doonside watu wetu wagonjwa hawajawahi kukosekana, na sikuwahi kumtuma atembee kumsalimia hata mmoja.